Jina la Mdogo Wangu Mgongoni

Sitataja jina la mtu yeyote hapa. Mwanzoni mtadhani ni woga, na woga upo, sikatai, lakini mkisonga mbele mtaona kwamba kwangu mimi kuandika jina ni kudanganya tena, na nimechoka kudanganya.

Nilicheza mpira miaka kumi na minne hapa Mwanza, beki wa kati, jezi namba tano. Timu yetu ilipanda ligi kuu, ikashuka, ikapanda tena. Sikuwa mchezaji wa kukumbukwa, isipokuwa labda na washambuliaji wachache ambao bado wana kovu la kiatu changu kwenye ugoko. Nilikuwa mkorofi. Nilibishana na marefa, nilibishana na makocha, na nikirudi nyumbani nilibishana na mlango ukikataa kufunguka. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi.

Mpira ulinikuta nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Mchana nilikuwa napakia magunia ya mashudu kwenye kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba, Nyakato, na jioni nachezea timu ya mtaa. Siku moja alikuja kocha wa vijana wa timu kubwa. Alisimama nyuma ya goli letu mechi nzima, na filimbi ilipolia akaniita pembeni, akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia. Akacheka. Akasema hakuuliza umri anaoujua mama yangu, ameuliza umri wa mpira.

Sikuwa na umri wa mpira. Ndipo akaniuliza kama nina mdogo wangu wa kiume, nikasema ninaye, ana miaka kumi na sita.

"Basi njoo Jumatatu na cheti chake," akasema.

Mambo yalikwenda hivyo tu, bila kunong'ona, kama mtu anayeagizwa aje na soksi. Msidhani nilikuwa peke yangu. Kwenye kambi ile ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, siku ya kupiga picha za leseni tulipanga foleni bafuni kunyoa ndevu. Kulikuwa na baba wa watoto wawili anayelala kitanda cha juu yangu. Asiye na mdogo alitafuta binamu, asiye na binamu alitafuta jirani. Tulitaniana kwa hilo, tukamwita yule baba wa watoto wawili "mtoto mchanga", na yeye aliitika.

Cheti kilikuwa kwenye sanduku la bati la mama. Mdogo wangu ndiye aliyekitoa. Mimi nilizaliwa kwa bibi, Magu, sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Yeye alizaliwa hospitali na karatasi yake ilikuwa safi, yenye muhuri. Alikuwa ameacha shule alipomaliza darasa la saba, na kwa akili zetu za wakati ule hakuna alichohitaji kufanya na karatasi. Aliipangusa kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili. Alifurahi kuliko mimi. Aliniambia kazi yangu ni moja tu, nihakikishe jina lake linatajwa redioni.

Nyumbani tulikuwa tunaitwa kwa majina ya Kisukuma ya babu zetu, na mtaani hivyo hivyo. Majina ya ubatizo, yale ya kwenye vyeti, waliyajua walimu, kanisa, na mama. Baba alikuwa amefariki na tulikuwa tumehamia Mkolani, kwa hiyo hata majirani hawakuwa na kumbukumbu ndefu juu yetu. Kuhama jina kulikuwa rahisi mno, na urahisi huo ndio uliotuponza.

Jina lake lilitajwa redioni kabla ya mwaka kuisha. Alinipigia simu akipiga kelele za furaha, nikalazimika kuisogeza mbali na sikio.

Kisha vikaja vitambulisho vya taifa. Timu ilitaka kila mchezaji awe nacho, na mimi sikuweza tena kujiandikisha kwa jina langu. Mdogo wangu akasema tumalize kabisa, yeye achukue langu, ili asibaki mtupu. Tulikwenda pamoja ofisi ya kata, yeye mbele mimi nyuma. Nilimsikia akitaja jina langu kwa sauti kavu, pamoja na mwaka wangu wa kuzaliwa, huku karani akimbonyeza kidole gumba kwenye kile kioo cha kuchukulia alama. Zamu yangu ilipofika nikataja lake.

Tulipotoka nje alisimama njiani, akaweka mikono nyuma.

"Kuanzia leo mimi ndiye mkubwa," akasema. "Hebu nisalimie."

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba kwa sauti nzito ya mzee wa kanisa, akaniuliza kama nasoma vizuri. Tulicheka mpaka mama mmoja muuza karanga akauliza kuna nini, tukashindwa kumweleza. Tangu siku ile, kila nilipotoka kambini nikienda nyumbani alikuwa ananisubiri mlangoni adai shikamoo yake, na mimi nilimpa. Nikikumbuka jinsi tulivyocheka pale ofisi ya kata natamani kujipiga.

Mwaka uliofuata zikatangazwa nafasi za vijana wa kujitolea jeshini. Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini, mwili umejaa, na miezi mitatu mizima alikuwa akikimbia asubuhi kwenye vile vilima vya mawe vya Mkolani. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu namna ile. Alikimbia, aliruka, alipimwa kifua, akapita kote. Walipofika kwenye karatasi, ofisa akamwambia umri wake umeshapita. Kwa kitambulisho alikuwa na miaka ishirini na mitano. Ile miaka mitano ilikuwa yangu.

Nilikuwa nyumbani siku hiyo, nimepumzishwa kwa sababu ya kifundo cha mguu. Nilimwona akija, nikamwamkia shikamoo kama kawaida yetu. Hakuitika. Alisimama mlangoni na bahasha yake.

"Kaka," akasema, "nirudishie jina langu."

Nikamwambia mpira ukiisha nitamrudishia. Akauliza utaisha lini. Nikasema msimu huu, au ujao. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesaini miaka mitatu. Nilimdanganya nikimtazama usoni, na yeye akatikisa kichwa, akaenda kuketi nyuma ya nyumba. Alikuwa mtu wa kuamini. Hilo nalo linaniuma, kwamba aliniamini.

Alipokosa jeshi alikwenda mwaloni, pale ufukweni boti za wavuvi zinapotua, kupakua dagaa. Boti hazifiki mchangani zikiwa zimejaa, kwa hiyo wapakuaji huingia majini mpaka kifuani, wanabeba ndoo kichwani, wanarudi, wanaingia tena. Alifanya kazi hiyo miaka tisa. Alipanga chumba karibu na mwalo na kila Jumapili alikuja Mkolani kwa mama akinuka dagaa, tukamtania. Tumbo lilipoanza kutoka tulimtania zaidi, tukaliita kitambi cha dagaa. Mikono ilikuwa inakonda, tumbo linakua. Kilikuwa kichocho, kimekaa ndani miaka, kimekula ini. Watu wa afya walipopita alimeza vidonge, kesho yake akarudi kwenye maji yale yale.

Asubuhi moja ya Jumatano alitapika damu, beseni zima. Tulimkimbiza hospitali. Niliketi kwenye benchi la korido na mama siku ile na asubuhi ya pili yake, mimi nikiwa na suti ya mazoezi ya timu, watu wakinipungia mkono kwa sababu walinijua. Kabla ya saa nne muuguzi alitoka, akaita ndugu wa fulani. Akataja jina langu mwenyewe, lile nililobatizwa. Nilikuwa sijalisikia likitajwa mbele za watu kwa miaka kumi, tangu pale ofisi ya kata. Nikasimama. Mama hakusimama, alikuwa amekwisha kuelewa kwa kumwona yule dada usoni.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Cheti cha kifo kilisema thelathini na nne, na kilisema ni mimi.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Ilikuwa Alhamisi, mazishi Ijumaa. Jioni ile katibu wa timu alipiga simu kunipa pole, akasema viongozi na wachezaji wote watakuja Mkolani na basi, wataleta shada, na mwenyekiti atasema maneno machache. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili na tulikuwa tunazungumzia mwaka mmoja zaidi. Wangefika kaburini, wangesoma msalabani jina lake la kweli, ambalo kwao ni jina la beki wao namba tano. Kufungiwa maisha ndiyo ingekuwa adhabu ndogo. Nilikuwa na mke na watoto wawili, goti la kulia lilikuwa limeanza kuvimba kila baada ya mechi, na sikuwa na kazi nyingine niliyoijua. Nayaandika haya si kwa kujitetea. Nataka mjue tu yaliyokuwa kichwani mwangu wakati mdogo wangu yupo mochwari.

Mama alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka na akina mama. Nilimwomba tutoke nyuma ya jiko, nikapiga magoti kwenye majivu. Nikamwambia msalaba uandikwe jina langu.

Alidhani hajasikia vizuri. Nikarudia. Nikamweleza kwamba karatasi zote za hospitali na za kibali cha mazishi tayari zina jina hilo, kwamba huu ni msalaba wa mbao tu, na tukija kujengea kaburi tutaandika jina lake la kweli, kwa sababu wakati huo nitakuwa nimeacha mpira.

"Siku ya kufufuka," mama akasema, "Mungu atamwita kwa jina gani?"

Nilisema anipe msimu mmoja. Nililia, na sitajua kamwe kama nilikuwa namlilia mdogo wangu au mkataba. Mama alijifuta pua kwa kanga.

"Wewe nilikufundisha kumbeba mgongoni," akasema, "ulikuwa hujafika hata kiunoni kwangu." Akarudi ndani.

Hakusema ndiyo. Mimi niliichukua kuwa ndiyo, nikakimbia kwa fundi seremala kabla hajabadili mawazo.

Kwetu ni lazima wasifu wa marehemu usomwe kaburini, na anayeuandika ni ndugu wa karibu, maana yake mimi. Niliuandika kwenye karatasi ya daftari la mwanangu. Jina langu la ubatizo, mwaka wangu wa kuzaliwa, Magu. Sehemu ya mtoto wa ngapi niliiruka, kwa sababu majirani wangeshtuka. Jeshi nalo nililiruka. Nikaandika alikuwa mchapakazi na mpenda watu, maneno ambayo huandikwa kwa kila mtu. Katekista aliusoma, watu wakawa wanafukuza nzi, hakuna aliyehesabu miaka. Shangazi yangu mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa jina liliposomwa. Alinitazama, akatazama basi la timu lililoegeshwa chini ya kilima, akainamisha kichwa tena. Mwenyekiti alisema timu imempoteza ndugu na shabiki. Nilitupa udongo. Nilitaka kumwamkia shikamoo, kama tulivyozoea, mdomo ukakataa.

Jumapili tulikuwa na mechi nyumbani. Kocha alisema nipumzike, nikakataa, kwa sababu mchezaji anayejadili mkataba hapumziki. Tulijipanga katikati ya uwanja na mtangazaji akaomba wote wasimame dakika moja kumkumbuka kaka wa beki wetu. Akataja jina. Uwanja mzima ulisimama kwa ajili yangu. Watu walivua kofia, wauza maji waliweka ndoo chini, refa aliinamisha kichwa, wachezaji wa upande wa pili nao. Mimi nilisimama pale nikiwa na mdogo wangu ameandikwa mgongoni, nikasikia uwanja ukininyamazia. Dakika moja ni ndefu, sikuwahi kujua. Kisha filimbi, kisha orodha ya wachezaji, namba tano, na jina lake, na makofi.

Nilicheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Hakuna mpira wa juu ulionipita, na nilifunga kwa kichwa. Hilo linaniudhi mpaka leo. Ningecheza vibaya labda ningekuwa na heshima kidogo.

Walinipa ule mwaka. Goti halikunipa. Lilikatika mazoezini nikiwa peke yangu na mpira, hakuna aliyenigusa, na msimu ulipokwisha daktari wa timu alinipa mkono kwa namna ambayo nilielewa. Nilirudi Nyakato, kiwanda kingine, nasimamia mlango wa kupakia. Kwa kitambulisho nina miaka thelathini na moja. Msimamizi wangu ananishangaa ninavyopanda ngazi, anasema vijana wa siku hizi ni laini.

Nilikuwa nimemwahidi mama msimu mmoja. Nikaenda ofisi inayoshughulikia vyeti vya vizazi na vifo, nikaeleza kwamba nina rafiki yangu mwenye tatizo, yeye na nduguye walibadilishana majina, na mmoja amefariki. Karani alikuwa kijana mstaarabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia huyo rafiki yako, kwa kompyuta, ndiye aliyekufa. Akitaka kufufuka itabidi apite polisi kwanza na mahakamani baadaye. Akauliza kama ana watoto. Nikasema wawili. Akasema watoto hao wameandikwa kwa jina la baba ambaye kwa kweli ndiye marehemu, kwa hiyo rafiki yako akirudisha jina, watoto watakuwa yatima kwenye karatasi, na vyeti vyao vya shule vitapaswa kuanzwa upya. Alisema nimshauri akae na mama yao wazungumze. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro mpaka wakafunga ofisi. Mke wangu anaijua hadithi yote, na siku hiyo alinipa chakula bila kuniuliza kitu.

Mwaka huu mama akasema mchwa wamefika kwenye msalaba, ni wakati wa kujengea. Fundi alipiga tofali, akapiga lipu, na mwisho akaacha kibao kibichi cha saruji upande wa kichwani, cha kuandika jina kwa ncha ya msumari. Akauliza tumwandike nani.

Mama alikuwa amesimama na mimi nimeshika ndoo. Nilijua kwamba nikitaja jina la kweli, yeyote atakayepita ataona kwamba hapo nimezikwa mimi ninayetembea. Msalaba wa zamani ulikuwa umelala chini, umeliwa nusu, jina langu likisomeka herufi tatu za mwanzo. Nilimwangalia mama aniokoe tena, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, kama alivyoniokoa kule nyuma ya jiko.

Mama hakunitazama. Alimwambia fundi aandike "Mtoto wa mwisho wa mama yake."

Fundi alisubiri, akidhani jina linakuja. Mama akamwambia hayo ndiyo yote, na mwaka usiwekwe. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa, mama akizifuata kwa midomo moja moja, kwa kuwa alijifunza kusoma ukubwani. Zilipokwisha aliinama akapuliza vumbi lisikae kwenye saruji mbichi. Alisema kwa Kisukuma, akimwambia aliye chini, kwamba Mungu atamwona mama yake amesimama hapo na atajua ni nani.

Kisha akageuka kwangu.

"Huyu nimemwandika," akasema. "Na wewe, nikiwa sipo, watakuandika nani?"

Fundi aliomba maji ya kuoshea mwiko. Nikachukua ndoo, nikashuka kilima kuyafuata.